Gesi Imeisha? Nani Kakwambia?

Nyie, huu ugonjwa wa "gesi imeisha" utatibiwa lini? AC haipozi: gesi imeisha. Inapoza nusunusu: gesi inakaribia kuisha. Inanguruma halafu inanyamaza: ah, hiyo gesi ilishaisha zamani, nunua mpya. Na anayetoa hukumu hiyo hajapanda ngazi, hajagusa bisibisi, hajauliza hata umeme wenyewe unatoka wapi. Kasimama chini kivulini, kashika kiuno, anaangalia paa. Mxiu! Na sisi wenye mali tunatikisa kichwa, tunatoa kadi, tunalipa.

Kilichonipandisha presha wiki hii ni habari ya shemeji yetu mmoja hapa Phoenix, Arizona. Kijiwe chetu kiko nyuma ya kinyozi, upande ambao jengo huanza kutoa kivuli alasiri. Viti vya plastiki, boksi la barafu, na birika la kahawa ya tangawizi ambayo wazee hawaiachi hata jua liwe vipi. Wamo Wabongo, wamo Wakenya, wamo Wakongo wa Lubumbashi na Bukavu, na Mrundi mmoja asiyesema sana ila akisema mnanyamaza. Mada za kawaida ni mpira, siasa za nyumbani na bei ya bima ya gari. Kiangazi kikiingia, mada ni AC tu.

Anayecheka hajakaa hapa. Mwaka 2023 mji huu ulipiga siku 31 mfululizo, tangu 30 Juni hadi 30 Julai, kila siku joto likifika au kupita nyuzi 110 za Farenhaiti. Kwa vipimo vyetu hiyo ni 43 na ushee. Najua, najua, watu wa Dar mtasema na kwenu Februari kuna joto, na unyevu juu yake. Sawa, poleni. Lakini kwenu mtu hutoka nje jioni kupunga upepo. Hapa upepo wenyewe unaunguza.

Sasa shemeji, bila kumshauri mtu, kanunua motohomu. Kwa wasioijua: ni basi la Kimarekani lenye usukani mbele, jiko na meza katikati, choo na bafu, na kitanda cha watu wazima nyuma. Wazungu wakistaafu ndiyo raha yao. Kipupwe kikianza kaskazini wanashuka nayo mpaka huku Arizona, wengine wanakwenda kujazana jangwani Quartzsite mpaka baridi iishe kwao. Miaka ya korona ndiyo watu waliingia wazimu kabisa: mwaka 2021 viwanda vya Marekani vilitoa magari ya kulala ya kila aina zaidi ya 600,000, na hiyo ni rekodi. Mengi yanatoka Elkhart, Indiana, mji ambao umejengewa hadi jumba la makumbusho la magari hayo. Ya shemeji si ya korona. Ni ya 2004, kaipata kwa bibi mmoja mjane, bei ya kupeana. Nia yake ilikuwa kuwapeleka watoto Grand Canyon shule zikifungwa.

Nia njema. Akaiegesha nyumbani, akavuta waya kutoka gereji, akawasha AC ya juu ya paa ili aanze kuisafisha ndani. Ikanguruma. Mmmmm. Kisha tak! Kimya. Feni inazunguka, upepo unatoka, lakini upepo wa moto. Baada ya muda inanguruma tena. Mmmmm, tak.

Akampigia simu fundi, mmoja wa hawa wanaozunguka na gari lenye maandishi ubavuni. Jamaa kafika, kasikiliza mlio akiwa chini, kauliza gari la mwaka gani, kasikia 2004, akasema: hiyo ni gesi ya zamani, haijazwi, kompresa nayo imekufa, nunua nyingine. Akataja bei ya mashine mpya na ufundi wake, shemeji akakaa chini. Na ada ya kuja kuangalia akailipa palepale.

Alipoleta habari kijiweni, kila mtu akawa fundi. Kijana wa Mombasa akasema, "Buda, hiyo weka gesi kidogo tu, itashika." Mzee wa Lubumbashi akasema kwao hakuna kitu kinachoitwa kimekufa, kuna kitu ambacho hakijapata fundi. Mwingine akasema auze gari lote. Mrundi akauliza swali moja: "Umeme uliutoa wapi?"

Kimya.

Hapo ndipo akageuka fundi wetu. Huyu ni mtu wa Tanga, mafriji na AC kazianzia Kariakoo kabla hajavuka bahari, na hapa kafanya mtihani wa serikali akapata cheti, maana Marekani sheria ya hewa safi haimruhusu mtu asiye na cheti kugusa gesi ya AC. Hana maneno mengi. Akasema, "Shemeji, kesho alfajiri nakuja. Usiwashe kitu."

Alfajiri kweli, kwa sababu paa la motohomu saa nne asubuhi halikanyagiki. Mimi nilikwenda, nani ataacha kwenda? Na nilichojifunza pale ndicho kinachonifanya nisonye mpaka leo.

Kwanza, gari lile lina AC mbili, na watu wanazichanganya. Ya kwenye dashibodi inaendeshwa na injini, sawa na ya Noah yako. Ya paani haina habari na injini. Hiyo inataka umeme wa nyumbani, kwa Marekani volti 120, ama kutoka kwenye nguzo ya umeme ya kambi wanakoegesha magari haya, ama kwenye jenereta la gari. Betri ya volti 12 inalisha vitu vidogo tu, taa na thamostati. Ndiyo maana unaweza kuona taa zote zinawaka, namba za thamostati zinang'aa, ukadhani umeme upo wa kutosha. Haupo.

Fundi hakupanda juu. Akaingia ndani, akachomeka mita kwenye soketi ya jikoni. Ikasoma 119. "Washa," akasema. Feni ikaanza. Tukasubiri. Kompresa ilipojaribu kuamka, mmmmm, namba zikaporomoka: 110, 101, tisini na kitu. Tak! Zikapanda tena hadi 118. Akatutazama. Akatoka nje kuufuata waya.

Waya wenyewe, jamani! Ule wa rangi ya machungwa, wa kufyekea majani, mrefu kutoka gereji hadi ukutani kwa jirani, nusu yake umezungushwa pale chini. Ukiugusa una joto. Umechongwa namba 16 ubavuni. Na huku Marekani namba ya waya ikipanda, unene unashuka, hilo ndilo linalowapoteza wageni: 16 ni mwembamba kuliko 10. Kwa AC ya paa inayoitwa 13,500, yaani BTU zake, ambayo inakula wati 1,500 hivi, fundi anataka namba 10, na mfupi kadiri inavyowezekana.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu sisi tuliokulia kwenye volti 230 jambo hili hatulioni haraka. Wati 1,500 kwa umeme wa Dar au Nairobi ni ampea sita na nusu. Wati hizohizo kwa umeme wa Marekani ni ampea 12 na nusu, karibu mara mbili. Waya uleule utakaokuvumilia Sinza utakuangusha Phoenix. Na kompresa ikiwa inaanza huvuta mara kadhaa ya hapo kwa kitambo kidogo. Kitambo hicho ndicho kinachoamua. Mota ya namna hii volti zikishuka kwa sehemu moja ya tano, msukumo wake wa kuanzia unashuka kwa zaidi ya theluthi moja. Haina nguvu ya kujizungusha, inasimama inanguruma, inachemka, kinga yake ya joto inakata. Mmmmm, tak. Ikipoa inajaribu tena. Ifanyie hivyo mwezi mzima, ndipo kompresa itakufa kweli, na yule fundi wa kwanza atarudi kukwambia, si nilikwambia?

Kwenye kambi nako usidhani uko salama. Nguzo ya ampea 30 inakupa wati 3,600, basi. AC imewaka, mama kaweka maikrowevu, hita ya maji ya umeme iko kazini, breka inaruka, na watu wanaanza kulaumu AC. Tena saa tisa alasiri, kambi nzima imewasha viyoyozi, volti za nguzo zenyewe zinalegea. Mafundi wa hapa wanasema chini ya 105 zima. Zima! Jasho halijaua kompresa ya mtu.

Akafungua waya mnene kutoka garini mwake, akachomeka. Volti zikakaa vizuri zaidi, hazikushuka chini ya 110. Na kompresa? Mmmmm... mmmmm... ikaamka kwa shida, ikakimbia kidogo, ikalala. Shemeji akaanza kushangilia, fundi akamnyamazisha kwa mkono. "Bado. Kuna mwingine huko juu."

Akachomoa umeme wa nje. Akahakikisha jenereta haliwezi kujiwasha. Akazima na kile kibadilishaji cha betri. Ndipo akapanda, na akatukataza kumfuata wote, maana paa la gari lile ni mpira mwembamba juu ya mbao. Unatembea palipo na boriti, si popote.

Kifuniko cha AC kimefungwa kwa skrubu nne. Plastiki yake ilikuwa imechakaa kwa jua, ukibonyeza inatoa unga mweupe. Kuinua tu, nyigu wawili wakatoka. Ndani kuna vijumba vya udongo vya nyigu vimepangwa ukutani, majani makavu, manyoya ya ndege, na upande wa nyuma zile bati nyembamba za alumini ambazo zinatakiwa kupitisha hewa zimejaa vumbi la jangwa lililochanganyika na mafuta mpaka huoni upande wa pili. Nusu yake zimelala, nadhani kuna mtu aliwahi kuziosha kwa mashine ya kuoshea magari. Mwenye kufanya hivyo Mungu anamwona. Bati zile ukizipiga maji ya nguvu zinalala, zikilala hewa haipiti, hewa isipopita joto halitoki. Joto lisipotoka, kompresa inasukuma mlima.

Mkebe mdogo wa chuma wenye miguu mitatu ulikuwa pembeni umefungwa kwa utepe wa bati. Kapasita. Juu yake miguu imeandikwa: C, FAN, HERM. C ya wote, FAN ya feni, HERM ya kompresa. Kichwa cha mkebe kinatakiwa kiwe bapa. Hiki kilikuwa kimevimba katikati, si sana, ila ukipitisha kidole unasikia mwinuko. Kabla hajakigusa, fundi akapitisha ukinzani wake wenye waya mbili kati ya miguu, akasubiri. Kitu hicho kinatunza umeme hata gari likiwa limechomolewa, na kinaweza kukurusha kutoka paani. Akapima. Lebo inasema upande wa HERM ni 40. Mita ikasoma 28. Upande wa FAN ulikuwa bado mzima.

"Ndiye huyu," akasema.

Kazi ya kapasita ni moja. Umeme wa waya wa moto mmoja hauwezi kuiambia mota izunguke upande gani. Kapasita ndiyo inayoupa mzingo wa pili wa mota umeme uliotangulia kidogo, mota ikapata mwelekeo. Ikichoka, mota inabaki kutetemeka papo hapo. Na vitu vinavyochosha kapasita vinajulikana: joto, umri, na kuanza-anza kila dakika. Mashine ya shemeji ilikuwa na vyote vitatu. Na bei yake? Dola ishirini na kitu, dukani, mchana uleule. Mashine mpya ni dola elfu moja hivi, wengine juu ya hapo, kabla hujataja mtu wa kuipandisha. Ushaelewa kwa nini nasonya?

Unanunua ile yenye namba zilezile za lebo. Volti ikiandikwa 370 unaweza kuweka 440, juu ni ruhusa, chini si ruhusa. Maikrofaradi usibadilishe kwa kuhisi. Kuna jamaa wa kijiweni alisema weka 60, ianze kwa nguvu! Tukamwambia akalete kahawa.

Wakati kapasita inafuatwa, fundi akapiga povu la kusafishia koili, akasuuza kwa maji ya taratibu, akachana bati zilizolala kwa kitana chake kidogo, safu kwa safu. Hapo ndipo kazi ilipochukua muda. Mota ya feni ndani ya hizi AC ni moja tu, ina shafti inayotoka pande zote mbili: upande mmoja pangaboi la nje, upande wa pili gurudumu linalosukuma hewa ndani ya gari. Akilegea mmoja wamelegea wote. Akaizungusha kwa mkono, ikazunguka laini. Alhamdulillahi, hiyo nayo ingekuwa hadithi nyingine.

Tukarudi ndani. Akafungua bamba la darini. Chujio! Mbwa wa yule bibi, Mungu amrehemu kama ameshakufa, manyoya yake yote yako pale. Sufi nene ya kijivu, ungeweza kufumia sweta. Chujio unaliosha kwa maji na sabuni jikoni, halikugharimu senti, na nina hakika kuna watu wamenunua AC mpya kwa sababu ya chujio.

Nyuma ya bamba hilo ndipo pana jambo ambalo kwa maoni yangu linaua ubaridi wa AC nyingi za paani kuliko gesi, na hakuna anayelitaja. Tundu la paa ni la mraba, inchi 14 na robo kila upande, karibu sentimita 36, na limekuwa hivyo kwa kampuni karibu zote. Ndani ya tundu hilohilo hewa ya moto inapanda kwenda kupozwa na hewa baridi inashuka. Kati yake kuna ukuta mwembamba, kiwandani unafungwa kwa utepe. Utepe wa 2004, kwenye joto la Arizona, ulikuwa umekauka na kuning'inia. Hewa baridi ikishuka tu inavutwa tena juu kabla haijamfikia mtu. AC inajipoza yenyewe, mpishi anayemaliza pilau jikoni wageni wako sebuleni. Tena koili ikipokea hewa iliyokwishapoa inaganda barafu, na barafu ikiziba upepo, utasikia tena: gesi.

Dawa yake ni utepe wa alumini. Si ule wa kitambaa wa kijivu, huo unaachia. Ule wa bati wenyewe. Safisha mafuta kwa spiriti, bandika, sugua kwa kucha mpaka ushike, ziba kila kona unayoona mwanga. Kazi ya mtoto wa shule.

Kapasita mpya ikafungwa, waya mnene, kila kitu mahali pake. Akawasha. Feni. Tukasubiri. Kompresa ikaingia, mm, ikakimbia. Hakuna tak. Akaacha dakika kumi na tano, akaweka kipimajoto kwenye hewa inayoingia na kwenye hewa inayotoka. Inayoingia 33, inayotoka 22. Tofauti ya 11. Ukipata kati ya 9 na 12, mashine inafanya kazi yake, na gesi yako ipo. Gesi ilikuwepo muda wote! Mfumo ule umefungwa kiwandani kwa kuchomelewa, hauna hata mdomo wa kujazia. Gesi haitumiki ikaisha. Ama imevuja, na ikivuja utaona mafuta kwenye bomba au kutu, ama ipo.

Yule kijana wa Mombasa bado hakukubali. Akasema nyumbani watu wanatoboa, wanaweka vali, wanajaza, maisha yanaendelea. Kweli, na mafundi wetu wa Kariakoo na River Road wana mikono ya dhahabu, simbishii. Lakini sikiliza. Mashine ya 2004 ina R-22. Marekani ilikataza kutengeneza mashine mpya za gesi hiyo tangu 2010, na tangu 1 Januari 2020 hawaitengenezi wala hawaiingizi nchini. Iliyobaki ni ya akiba na iliyochujwa upya, na bei yake inajua kwamba haina ndugu. Ni mambo ya Mkataba wa Montreal wa 1987, kulinda tabaka la ozoni. Nchi zetu zina ratiba yake, ndefu zaidi, hadi 2030. Na ukiiachia hewani, licha ya ozoni, kilo moja ya R-22 inapasha dunia joto kuzidi kilo 1,800 za ile hewa ya moshi wa magari. Basi ubishi wa "weka R-410A badala yake" usiulete hapa. Shinikizo la R-410A ni kubwa kwa zaidi ya nusu kuliko la R-22. Unaitia kwenye mabomba ya zamani, unakaa mbali unaangalia.

Nisije nikaeleweka vibaya, sitetei mavyuma. Kuna AC ya kuaga. Kompresa ambayo volti ni nzuri, kapasita ni nzuri, umeipoza usiku kucha, na bado inanguruma tu, hiyo imekwama. Ile ambayo mita inaonyesha mzingo wake umegusana na bodi, hiyo ni hatari, ishushe. Ile iliyovuja gesi, kwa hapa Marekani, gharama ya mwenye cheti kuinyonya, kuitoboa, kuichomelea na kuijaza inapita bei ya mpya. Hapo badilisha kwa moyo mweupe. Jua tu kwamba ni mzigo wa kilo 40 na ushee kupandishwa paani, kwamba tundu litaingiana lakini bamba la ndani na waya za thamostati za kampuni tofauti mara nyingi hazielewani, na kwamba bolti nne za ndani zinakazwa kwa zamu mpaka gasketi ibonyee nusu yake, si zaidi. Tena usipake silikoni kuizunguka! Nimeona paa limeozeshwa na silikoni iliyoyafungia maji ndani. Na maji yakidondoka kitandani, kabla hujalaani gasketi, angalia kama gari limeegeshwa kwa mteremko na kama tundu za kutolea maji za sinia la AC zimezibwa na uchafu.

Kitu kingine, na hiki nawaambia hasa wageni wa jangwa. Gari hili lina kuta nyembamba na kioo cha mbele kikubwa. AC yenye afya haitakugeuzia jua la saa nane kuwa Lushoto. Washa asubuhi kabla gari halijaiva, funika kioo cha mbele, shusha turubai la ubavuni, tafuta mti. Mtu anafungua gari lililopikwa tangu alfajiri, saa tisa anabonyeza kitufe, baada ya dakika tano anapiga simu: gesi imeisha. Mxiu.

Shemeji na watoto walikwenda Grand Canyon. Ukitoka Phoenix unapanda, ukifika Flagstaff uko mita 2,100 juu ya bahari, na jenereta nalo huko juu linapungukiwa pumzi, karibu asilimia tatu na nusu kwa kila mita 300 unazopanda. Lakini hawakuwa na haja nalo. Usiku watoto waliomba mablanketi. AC iliyosumbua mtaa mzima ilikaa paani, ikazimwa, ikawa mzigo wa safari tu. Walipoteremka kurudi bondeni ndipo ikawashwa, na ikashika.

Basi nawe mwenye AC ya paani inayonguruma na kukata, kabla hujatoa kadi: shika waya wako uone kama una joto, weka mita kwenye soketi ya jikoni uangalie namba wakati kompresa inaanza, osha chujio, angalia utepe wa darini. Ukimwita fundi, mwambie apande. Akisema kapasita, akuonyeshe namba ya lebo na namba ya mita. Akisema gesi, akuonyeshe palipovuja. Akishindwa kukuonyesha, mlipe nauli yake aende.